Saa Isiyokuwapo

Jumapili ya mwisho ya Machi, saa tisa usiku,
saa za Estonia huruka kwa mguu mmoja hadi saa kumi.
Waliolala hawapotezi kitu ila kipande cha ndoto.
Lori letu lilipangiwa kuondoka saa tisa na nusu.
Likaisubiri saa yake,
nayo saa usiku ule haikuzaliwa.

Ndivyo nilivyoanza, mjini Tartu, mbele ya watu mia mbili,
maikrofoni imenikaa shavuni kama nzi.
Jina langu Urve. Si daktari wa chochote.
Mwaka wa ishirini na mbili huu naandika programu
za ushirika wa maziwa, huko kusini,
ambako hata kibodi zetu zinanuka mtindi.

Tangazo la kongamano lilisema: wa viwandani nao walete yao.
Joosep, kijana wa shahada ya uzamivu, ndiye aliyenisukuma.
Alikuja na kalamu nne na maswali mia,
tukaandika kurasa kumi jikoni kwangu,
yeye akifuta, mimi nikirudisha.
Mzee Ülo mfugaji, alipoingia kwenye makala,
akaitwa "mdau".
Maziwa yaliyomwagwa yakaitwa "athari".
Nikamwambia, Joosep, mwanangu,
tangi limejaa, lori halipo, ng'ombe hawangoji;
Ülo alibeba ndoo, maziwa yangali vuguvugu,
akayamwaga juu ya theluji,
weupe juu ya weupe, huoni kitu ila mvuke
na paka wa jirani wakija mbio.
Akafikiri.
Paka akawaacha kwenye tanbihi.

Wahakiki walikuwa watatu, wasio na majina, kama malaika au wezi.
Wa kwanza: mchango ni mdogo.
Wa pili: ushirika mmoja, usiku mmoja, mfano hautoshi.
(Nilitaka kumjibu: njoo umwambie Ülo angoje usiku wa pili.)
Wa tatu aliandika sentensi moja:
Nimecheka, kisha nikainuka kwenda kukagua saa zangu.
Nadhani huyo ndiye aliyetupitisha.

Bwana mmoja wa kampuni kubwa, beji yake ina utepe wa dhahabu,
akauliza kwa upole wa mtu ajuaye jibu:
Ni mzembe gani aliyeiacha saa ya ukutani ipange safari?
Ukumbi ukacheka kidogo.
Joosep akainama kutafuta slaidi.
Haikuwamo. Niliitoa mwenyewe alfajiri, hotelini,
nimekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja.

Mimi, nikasema.
Ijumaa moja, miaka kumi na miwili nyuma,
mtoto ana homa, basi la mwisho linanguruma nje,
niliandika mstari ule, na juu yake nikaacha ujumbe:
rekebisha baadaye.
Miaka kumi na mmoja hakuna lori lililotoka saa hiyo.
Bahati ni mlinzi, lakini husinzia.
Majira ya baridi yaliyopita tukabadili njia.
Na "baadaye", bwana, nayo ni saa isiyokuwapo.

Hakucheka mtu. Mwenyekiti alitazama karatasi yake
akasema tumebakiwa na dakika mbili,
kisha hakuna aliyezitumia.

Wakati wa kahawa Joosep alinishika mkono, hakusema neno,
akanipa andazi lake la mdalasini.
Akaja binti kutoka Porto, Idalina, mwembamba kama uzi,
anaandika programu za pampu za dawa hospitalini.
Kwetu saa huruka saa saba usiku, akasema.
Akafungua kompyuta papo hapo, juu ya meza ya vikombe,
akisukuma sahani kwa kiwiko.
Nikamshikia kikombe.
Alishuka mstari kwa mstari, midomo ikitembea
kama mtu anayehesabu watoto baada ya safari.
Kidole kikasimama.
Nini, nikauliza.

Akaomba simu yangu, yake haina chaji.